Nani Anawasha Taa ya Getini?

Sogeeni karibu, wanangu, na mwenye mkeka autandike. Leo sungura na fisi wamepumzika. Nina kisa cha taa.

Nendeni Mbagala Rangi Tatu, au Chamazi, au Tandika, saa ile daladala zinashusha watu waliochoka, mama lishe wanapuliza mkaa na adhana ya magharibi inakaribia. Tazameni mageti. Taa ya kwanza inawaka kwenye nyumba ambayo mwenyewe bado yuko kwenye foleni Barabara ya Kilwa. Inafuata ya jirani. Ya tatu na ya nne hazichelewi. Upande wa Kinondoni, kule Tegeta, Boko na Bunju, mambo ni hayo hayo. Hakuna aliyegusa swichi.

Mtoto mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza, "Babu, nani anaziwasha? Ni TANESCO?"

Hapana, mjukuu wangu. TANESCO inakuletea umeme hadi kwenye mita, na habari za taa ya getini kwenu haizijui. Anayeiwasha ni kidude kinachoenea kwenye kiganja chako, na asili ya kidude hicho ni baharini.

Zamani za babu wa babu zenu, simu zilikuwa hazijazaliwa. Habari za haraka zilikwenda kwa telegrafu: mtu anagonga alama huku, zinasikika kule mwisho wa waya. Waingereza wakazilaza nyaya hizo hadi chini ya bahari. Mwaka 1879 kebo moja ilitoka Aden, ikaja Zanzibar, ikaendelea Msumbiji mpaka Afrika Kusini, na Unguja ya Sultani Barghash ikawa inapata habari za Ulaya bila kungoja meli.

Sasa niambieni: waya ukishazama kilindini, utajuaje kwamba hauna tundu? Huwezi kupiga mbizi njia nzima. Inabidi uupime kwa umeme wakati wote unaposhushwa. Kabla hata ya kebo ile ya Zanzibar, kazi ya kupima ilikuwa ya Mwingereza mmoja, Willoughby Smith. Kwa vipimo vyake alihitaji kitu kinachoubana umeme sana, usipite kwa urahisi, akachagua vijiti vya seleniamu. Vijiti vile vikamtesa. Akipima sasa anapata jibu hili, akirudia baadaye anapata jingine. Msaidizi wake, Joseph May, ndiye aliyeona kwamba mwanga una mkono wake katika jambo lile. Wakaviweka vijiti ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha kuteleza. Kifuniko kikifungwa, seleniamu inaubana umeme kwa nguvu. Kikivutwa, mwanga ukiingia, papo hapo inaulegeza. Smith alilitangaza jambo hilo mwaka 1873.

Napenda mtulie hapo kidogo. Watu wale walikuwa na haraka, meli zinangoja, waya unagharimu fedha nyingi. Wangeweza kusema vijiti hivi ni vibovu, vitupwe, vitafutwe vingine. Wao walikaa wakauliza kinachovifanya vibadilike ni nini. Taa ya getini kwenu inawaka leo kwa sababu ya swali hilo.

Kidude cha leo mafundi wanakiita fotoseli. Seleniamu imeshawaachia nafasi wengine: zipo fotoseli za mchanganyiko wa kadimiamu na salfa, zipo za silikoni, lakini tabia ni ile ya kwenye kisanduku. Mchana, mwanga ukiingia kwenye kile kidirisha chake, umeme mdogo unapita ndani na kuizuia taa isiwake. Jua likizama umeme ule unabanwa, kizuizi kinaachia, na taa inawaka. Mkisimama karibu, mara nyingi mtasikia "tik!" Hiyo ni rilei. Ndani yake kuna waya uliosokotwa ambao ukipitiwa na umeme kidogo unageuka sumaku, unavuta ulimi wa chuma, na ulimi huo ndio unaounganisha au kukata umeme mkubwa wa volti 230 unaokwenda kwenye taa. Mmarekani Joseph Henry alitengeneza ya namna hiyo katika miaka ya 1830, na kazi yake ilikuwa kwenye telegrafu pia, kuzipa nguvu alama zilizofika zimechoka kwa safari ndefu. Kwa hiyo jicho la taa yenu limetoka kwenye telegrafu, na mkono wake umetoka huko huko.

Yuko mmoja hapo nyuma anataka kuuliza: mbalamwezi je, haiwezi kuidanganya ikadhani kumekucha? Swali zuri. Mwanga hupimwa kwa luksi. Jua la mchana la Dar es Salaam, lile linalowafanya mkimbilie kivuli cha mwembe, linafika kiasi cha luksi 100,000. Mwezi mpevu, pamoja na uzuri wake wote, haufiki hata nusu ya luksi moja. Fotoseli nyingi za getini zimepangwa kuwasha taa mwanga ukishuka karibu na luksi 10, kwa hiyo mwezi hauna ubavu wa kuigusa. Wingu la masika lina ubavu. Aprili, mvua ikitanda saa kumi na moja na nusu jioni, mtaziona taa zikiwahi kuliko jana yake.

Yupo mwingine anayeweza kuidanganya fotoseli, naye ni taa yenyewe. Nililiona hilo Mtoni Kijichi. Nyumba mpya, geti jeusi limepakwa rangi juzi, na juu yake taa nyeupe kali. Giza lilipoingia taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima, usiku kucha bila kupumzika. Watoto wakaanza kupita mbio pale, wakisema nyumba ina jini. Akaja fundi umeme, mtu mzima mpole, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akaitazama tu kwa muda. Kisha akatoa utepe mweusi mfukoni, akaziba ule upande wa fotoseli uliokuwa unatazamana na balbu. Taa ikatulia hapo hapo.

Mmeelewa kilichokuwa kinatokea? Giza likiingia, fotoseli inawasha taa. Taa inaimulika fotoseli. Fotoseli inaona mwanga, inasema kumekucha, inazima. Giza linarudi, inawasha. Haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilikuwa inatii sawasawa yale iliyofundishwa. Fundi akazima swichi kuu, akakihamisha kidude upande wa pili wa ukuta kikatazama angani mbali na taa, kazi ikaisha. Wala msijaribu kumuiga. Volti 230 zinaua, na kifuniko cha taa ya ukutani hafungui mtoto.

Basi, fotoseli ni mtumishi mwaminifu, ila ikishawasha taa haiizimi mpaka alfajiri. Kama watu wamelala, na mbwa wamelala, na barabara haina hata bodaboda moja, taa inaendelea kumulika mchanga. Chukueni kalamu tupige hesabu ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Tuseme getini kuna taa ya LED ya wati 50, zile bapa zinazouzwa kila duka la vifaa vya umeme. Inawaka saa 12. Wati 50 mara saa 12 ni 600, na kila 1,000 ya namna hiyo ni uniti moja. Kwa hiyo usiku mmoja ni uniti 0.6, na siku 30 ni uniti 18.

Uniti 18 si kitu kidogo kwa nyumba za kwetu. Mteja mdogo wa nyumbani anayeishia uniti 75 kwa mwezi anapewa bei nafuu. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, uniti kwa mteja huyo ilikuwa shilingi 100 kabla ya kodi, na kila iliyozidi 75 ilikuwa shilingi 350. Taa moja inayomulika mchanga inakula karibu robo ya zile 75. Friji, feni, televisheni, pasi ya sare zenu za shule, vyote vigombanie zilizobaki. Mzazi akiwafokea mmeacha taa, mjue anaiona hesabu hiyo kichwani hata kama hajaiandika.

Ndipo anapoingia mtumishi wa pili, ambaye watu wanamwita sensa. Mmewahi kuona taa yenye kidoa cheupe cha plastiki chini yake, kimevimba, kina mistari mingi? Hicho ndicho. Yeye hashughuliki na mwanga wa macho yetu. Anahisi joto. Kila mwili wenye joto hutoa miale isiyoonekana inayoitwa infraredi. Mimi natoa, nyinyi mnatoa, paka aliyelala pale ukutani anatoa. Ndani ya sensa kuna vibamba viwili pacha, vimefungwa vikipingana, na kazi yao ni ya mizani ya muuza samaki wa Feri: pande zote mbili zikiwa sawa hakuna kinachotikisika, upande mmoja ukizidi mkono unaruka. Ukipita mbele ya sensa, joto lako linakifikia kibamba cha kwanza kabla ya cha pili. Mizani inayumba. Taa inawaka.

Ile plastiki yenye mistari nayo ina ukoo wa kujivunia. Ni lenzi ya mtindo wa Mfaransa Augustin Fresnel, aliyetaka minara ya bahari imulike mbali bila kubeba kioo kinene kizito. Akakigawa kioo katika vipande vyembamba vilivyopangwa kwa ngazi, na mwaka 1823 lenzi yake ikawashwa katika mnara wa Cordouan, pwani ya Ufaransa. Kwenye mnara lenzi ilikusanya mwanga ikautupa baharini. Getini kwenu inafanya kinyume: inakusanya joto la uwanja mzima na kulileta kwenye vibamba viwili vidogo kuliko ukucha, ikiugawa uwanja katika vipande vipande ili kila hatua yako ionekane umevuka kutoka kipande hiki kwenda kile.

Kwa sababu sensa inahisi mabadiliko tu, mkisimama kimya kabisa mbele yake itawasahau. Hapo ndipo mtu mzima, akiwa chooni katika ofisi za ghorofa mjini, anajikuta gizani ghafla na inabidi apunge mikono. Kwa sababu hiyo hiyo, sensa humwona vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayemjia uso kwa uso. Fundi hodari haielekezi njiani moja kwa moja, anaiweka pembeni ili anayekuja alazimike kuikatiza. Mkitaka kuijaribu, simameni nyuma ya dirisha la kioo. Nyinyi mnaiona, yenyewe haiwaoni hata mkicheza ngoma, kwa kuwa kioo cha dirisha huizuia miale ya joto la mwili.

Nayo inadanganyika. Injini ya bodaboda iliyotoka safari ndefu inawaka joto, ikikatiza mbele ya geti taa itaamka hata kama bodaboda haiji kwenu. Majani ya mwembe yaliyokaangwa na jua mchana kutwa, upepo wa jioni ukiyapeperusha, yanaweza kuiamsha pia. Kisha kuna joto letu wenyewe la pwani. Ngozi ya mtu ina nyuzi 33 au 34 hivi. Januari na Februari hewa ya Dar inafika nyuzi 32 au 33 mchana, na ukuta uliochomwa na jua unazidi hapo. Mtu akipita mbele ya ukuta wa namna hiyo magharibi inapoingia, tofauti yake na ukuta ni ndogo mno, na sensa humwona akiwa karibu sana tu. Usiku ukipoa, macho yake yanarudi.

Turudi kwenye hesabu. Taa ile ile ya wati 50, ikisubiri mtu apite, tuseme jumla inawaka saa moja kwa usiku: uniti 1.5 kwa mwezi. Sensa nayo inakula kidogo ikiwa macho, lakini ni kidogo kweli. Mmeona zile 18 zilivyoyeyuka? Ningekuwa na fedha ya kununulia nyumba kitu kimoja tu cha kuongoza taa, ningenunua hiki. Siku hizi nyingi zina watumishi wote wawili ndani ya ganda moja: jicho la mwanga linasema usiku umeingia, jicho la joto linasema mtu huyo.

Mtumishi wa tatu hahisi chochote. Anahesabu saa tu: taima. Na hapa nchi yetu ina bahati ambayo wengi hawaifikirii. Dar es Salaam iko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi. Tofauti ni zaidi kidogo ya nusu saa. London, mwezi wa Juni jua linazama saa tatu na dakika ishirini usiku, na Desemba limezama hata saa kumi jioni haijagonga! Taima ya huko ikipangwa kiangazi inakuwa ya ajabu kipupwe. Ya kwetu ukiipanga mara moja kwa saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima haitakuaibisha sana.

Wanaoijua taima kuliko wote pembezoni mwa jiji ni wafugaji wa kuku wa mayai. Kuku anayetaga anahitaji mwanga wa kama saa 16 kwa siku ili atage vizuri, na jua letu linampa 12 tu. Mfugaji anamwongezea kwa balbu: inawaka saa kumi alfajiri mpaka kunapambazuka, kisha inawaka tena jua likizama hadi saa mbili usiku. Balbu ndogo mbili za wati 9 zinatosha banda dogo, na uniti zake hazifiki hata tatu kwa mwezi. Lililo gumu ni kutokosea. Leo umeamka saa kumi, kesho umepitiwa, keshokutwa una msiba, na kuku ukishamvuruga mwanga wake mayai yanapungua. Taima haipitiwi. Ile ya kuzungusha kwa mkono ina gurudumu lenye vijino 96 ukingoni, kila kijino robo saa; vijino unavyovibonyeza ndiyo saa za kuwaka. Muiombe siku moja muizungushe, ni kitu kizuri sana mkononi.

Ina adui mmoja. Gurudumu lile linazungushwa na mota ya umeme. Umeme ukikatika kwa saa tatu, nalo linasimama saa tatu, na ukirudi linaendelea lilipoachia. Kuanzia hapo, alfajiri ya kuku ni saa moja asubuhi. Kila baada ya umeme kukatika, mfugaji mwangalifu anakwenda bandani kuirekebisha, au ananunua yenye betri ndani. Fotoseli haina taabu hiyo, maana umeme ukirudi inatazama nje tu ikajua ni usiku au mchana.

Hizo ndizo mbinu zinazoendesha hata taa za barabarani. Umeme wa kwanza wa jiji hili uliwashwa mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Pembezoni palisubiri miongo na miongo. Mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, ulipoanza mwaka 2015 katika manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke, mitaa mingi ya vumbi ilipata lami, mifereji na nguzo za taa. Mimi nafurahi kila ninapomwona binti anatoka masomo ya jioni akipita chini ya nguzo hizo. Taa ya mtaani inayojiwasha bila kumsubiri mtu akumbuke ni usalama wa watu wengi wasiofahamiana.

Kwenye majengo makubwa mambo huongezeka, lakini mizizi haibadiliki. Hoteli nyingi ukiingia chumbani unachomeka kadi ukutani ndipo taa na kiyoyozi vinakubali; ukiondoka na kadi, chumba kinazimika. Ofisi nyingine zina jicho la mwanga karibu na madirisha, na jua likiingia vizuri taa za upande huo zinajipunguza zenyewe. Ziko pia balbu zinazoamrishwa kwa simu kupitia intaneti, mtu yuko Dodoma anazima taa ya Kunduchi. Ni kazi nzuri ya akili za watu, ingawa bando likiisha au intaneti ikilala amri haifiki, na kwa nyumba inayohesabu uniti 75 mimi siioni faida yake kuizidi sensa ya getini. Na mchora majengo mwenye akili huanza kabla ya vyote hivyo. Beda Amuli, Mtanzania aliyechora Soko Kuu la Kariakoo katika miaka ya 1970, aliliezeka kwa miamvuli mikubwa ya zege, hewa na mwanga vikawa vinapita. Mahali jua linapoingia vizuri, taa haina cha kuwashiwa.

Sasa kazi yenu ya kesho jioni. Tokeni na mkubwa wenu kabla ya magharibi, mkae barazani mzichunguze taa za mtaa. Zinazowaka mapema siku ya mawingu na kuchelewa siku ya anga safi zina fotoseli. Inayowaka dakika ile ile jua liwepo lisiwepo ni ya taima, na kama juzi umeme ulikatika, mtaiona imechelewa. Inayowaka paka akikatiza, mnajua. Mkiwa na taa ya sola, funikeni paneli yake kwa kiganja mchana na mhesabu inachukua sekunde ngapi kuwaka: taa nyingi za aina hiyo hutumia paneli yenyewe kuwa jicho, na baadhi ya watengenezaji huichelewesha makusudi ili kivuli cha ndege anayepita kisiiwashe bure.

Mkiona taa inawaka mchana kweupe, chunguzeni kama kidirisha cha fotoseli kimezibwa na vumbi. Kama ni kisafi, huenda imeharibika: nyingi hupangwa kwamba zikifa ziache taa imewaka, kwa kuwa njia yenye giza ni ya hatari zaidi. Pigeni hodi mumwambie mwenye nyumba kwa adabu, na akitaka kujua imemla uniti ngapi, hesabu yake mnaijua.